Pumba za Nyuma ya Mashine

Jumatatu, 14 Juni 1993

Mpunga umeingia. Tumewasha mashine saa mbili asubuhi, na kufika adhuhuri foleni ya ndoo, vikapu na magunia ilikuwa imefika mlangoni kwa jirani yangu Mwajabu. Akatoka kusema alichosema mwaka jana na mwaka juzi: vumbi. Mimi nimefundisha darasa la pili hapa Kibiti miaka ishirini na mitatu, kelele hazinitishi. Huu ni msimu wa pili tangu afariki Mohamedi, mume wangu, naiendesha mashine hii ya kukoboa mimi na fundi wetu Zaidi. Ndiyo inayonilisha. Ikisimama, nami nimesimama. Nimeamua msimu huu niandike, kama nilivyokuwa nikiandika maandalio ya masomo, japo hakuna mwalimu mkuu wa kuyakagua.

Jumanne, 15 Juni

Watu wengi. Sikio la kushoto linavuma.

Jumamosi, 19 Juni

Bwana afya amekuja na daftari lake kwa ajili ya moshi. Mpunga ukikobolewa, mchele hutoka mbele na pumba hutupwa nyuma, na huko nyuma sasa kuna kilima kinachonipita kimo. Miaka yote tumekuwa tukikichoma. Ameniambia sasa ni marufuku, na kilima kisipoondoka katika wiki mbili ataifunga mashine mpaka msimu upite. Nikamuuliza nikipeleke wapi. Akasema hilo si la idara yake. Mwajabu alikuwa dirishani, anacheka bila kuficha meno.

Jumatano, 23 Juni

Amekuja mtu na baiskeli kutoka upande wa Mchukwi. Mrefu, mkavu, shati amelifunga vifungo mpaka shingoni. Jina lake Ndunguru, mtu wa Songea. Alikuwa seremala wa shirika moja la umma, akapunguzwa kazi mwaka juzi. Alisimama mbali akapiga hodi mara tatu, na mimi niko hapo hapo namtazama.

"Shikamoo mama. Nimesikia una pumba unataka zikuondokee."

"Marahaba. Unazitakia nini?"

"Za mifugo, mama."

Nikamwambia achukue. Mifugo gani, sikuuliza. Daftari hili halina mdomo, kwa hiyo naliambia: sikuuliza kwa sababu nilijua. Kuku gani wanaokula magunia manne kwa safari moja? Na ng'ombe huku kwetu ndorobo hawawaachi.

Jumamosi, 3 Julai

Ndunguru amekubali kuja kila Jumamosi. Kilima kimeshuka, bwana afya kapita na kutikisa kichwa kwa kuridhika kana kwamba kazi kaifanya yeye.

Leo nilimwangalia anavyofanya. Ana chekeche alilotengeneza mwenyewe, fremu ya mbao na wavu wa dirisha. Anachekecha pale pale nyuma: zile laini, za rangi ya kahawia, zenye mafuta ukizishika, anaweka gunia moja; makapi makavu anaweka jingine. Anasema mwaka wa kwanza alikuwa analisha vyote pamoja, wanyama wakashiba na hawakukua. Makapi ni kama kula jamvi. Siku hizi makapi anatandika bandani tu, laini ndizo chakula. Anachanganya na maganda ya muhogo aliyoanika siku tatu, maana mabichi yaliwahi kumuulia wawili, na vichwa vya kamba anavyoletewa na mchuuzi wa Mbuchi, wale kamba ambao mikia yao inakwenda Ulaya na vichwa vinatupwa. Akipata chicha la nazi, anatia.

"Kila mtu anatupa kitu, mama. Mimi kazi yangu ni kupita nyuma."

Anasema "wanyama". Neno lenyewe halitamki mbele yangu. Nilimshukuru moyoni kwa hilo, kisha nikajionea aibu kwa kumshukuru.

Jumatatu, 5 Julai

Zaidi kazima injini, kafuta mikono, kaniambia, "Bi Mwanamkuu, yule mtu wa Jumamosi anafuga nguruwe."

"Najua."

"Na wenye mpunga wakijua?"

Tangu mabucha ya nguruwe yalipovunjwa kule Dar mwezi wa nne, neno hilo limekuwa zito kulitamka. Shemeji yangu Khamisi, mdogo wake marehemu, ndiye mkuu wa kamati ya Maulidi, na kila akitoka msikitini siku hizi ana hotuba. Ameshasikia kuna mfuga nguruwe njia ya Mchukwi. Sura yake haijui, lakini anamlaani vizuri sana.

Mashine nyingine ya kukoboa ipo upande wa pili wa barabara ya Kilwa. Watu wakiamua kunihama, hawana hata haja ya kuchoka.

Ijumaa, 9 Julai

Nimekwenda kwa Maalim Husseini, mwalimu wa madrasa. Nilimuuliza kwa kuzunguka, kama watu wote wanaojua jibu wanalolitaka: mtu akitupa takataka, asiye wa dini yake akaziokota akamlishia mnyama wake, je?

Alinitazama kwa muda. Maalim ana macho mabovu lakini anaona.

"Usiuze kwa ajili hiyo. Kilichotupwa kimetupwa. Lakini vyombo vyake visichanganyike na vyenu. Unanielewa, mwanangu?"

"Nimekuelewa, maalim."

"Na siku ukiulizwa, sema."

Jumamosi, 10 Julai

Nimempa Ndunguru masharti. Magunia yake mwenyewe, yasipite mlango wa mbele, yasilale kwangu hata siku moja. Aliitikia kila moja kwa "sawa mama". Ana magunia matano ya katani, moja lina kiraka cha turubai la buluu. Niliyahesabu yakitoka.

Jumatano, 14 Julai

Mkanda umekatika. Siku nzima bure.

Jumanne, 27 Julai

Mwajabu leo kanisimamisha kisimani. "Siku hizi sioni moshi wako, shoga. Pumba zinakwenda wapi?"

"Zinachukuliwa."

"Na nani?"

"Na anayezitaka."

"Ehee! Siku hizi kila kitu ruksa." Akajitwisha ndoo akaondoka akicheka. Huyu mwanamke ni mchongezi, nilimjua hivyo tangu tulipohamia hapa. Nikakaa na donge hili mpaka jioni, kisha nikakumbuka maneno ya Maalim. Niliulizwa na sikusema.

Jumamosi, 7 Agosti

Nguruwe jike wake amezaa tisa. Aliniambia kwa furaha iliyomponyoka, neno lenyewe likamtoka mdomoni, akajishika shavu. "Samahani mama." Nikamwambia hongera. Zaidi aligeuka akautazama mkanda wa mashine, ambao haukuwa na kasoro yoyote.

Jumatatu, 16 Agosti

Mpunga unapungua. Mvua ya ghafla, si ya wakati wake. Watu wameanika, wakakimbia.

Alhamisi, 26 Agosti

Mpunga wa Maulidi. Kila mwaka watu huchangia, huyu kibaba, huyu pishi, huyu ndoo nzima, kamati inakusanya, nasi tunakoboa bure. Ilikuwa ahadi ya Mohamedi, nami sijaivunja. Khamisi alizunguka mwenyewe na mkokoteni, akafika hadi njia ya Mchukwi. Magunia sita. Tumekoboa yote mchana mmoja, mchele tumeumwaga pamoja kwenye turubai safi, mweupe, unanukia. Nilifurahi. Nikasema laiti Mohamedi angeuona.

Zaidi alikuwa akikung'uta magunia matupu. La tano lilikuwa na kiraka cha buluu.

Nililichukua mkononi. Upande wa chini lilikuwa na unyevu.

Nikajiambia turubai za buluu ziko nyingi duniani. Nikalikunja, nikalificha juu ya dari la stoo kwa mikono yangu, kisha nikanawa, nikanawa tena.

Ijumaa, 27 Agosti

Sikuweza kula.

Jumamosi, 28 Agosti

Ndunguru kaja na magunia manne. Kabla sijafungua kinywa, akasema mwenyewe huku akitabasamu:

"Mama, nami mwaka huu nimesaidia Maulidi yenu."

Nikaketi juu ya kinu kibovu. Akanieleza. Jumatano jioni mkokoteni wa kamati ulipita kwake, gunia moja likapasuka, mpunga ukamwagika barabarani. Yule bwana mwenye kanzu alikuwa peke yake, anaokota kwa viganja. Ndunguru akatoka kumsaidia, akampa gunia lake zima kuliko yote. Lile lilikuwa limetandikiwa watoto wa nguruwe wiki mbili, lakini asubuhi hiyo hiyo alikuwa amelifua kwa sabuni ya kipande, akalisugua mpaka mikono ikamuwasha. Lilikuwa bado halijakauka sawasawa.

"Nisingempa gunia chafu mtu wa dini, mama. Alinishukuru sana. Alisema Mungu anilipe."

Ee Mola wangu. Laiti angempa chafu na kavu! Hata watoto wa madrasa wanajua kikavu kwa kikavu hakiambukizi najisi. Ni kule kufua kwake, ni ile adabu yake, ndiyo iliyotia maji katika jambo hili. Nilimtazama mtu huyu, amesimama na shati lake la vifungo, anangojea nifurahi, na sikuwa na moyo wa kumwambia. Nikamwambia asante. Akachekecha pumba zake akaenda.

Sasa tunaojua maana ya gunia lile ni watatu: mimi, Zaidi na Mungu. Maulidi ni keshokutwa usiku. Nikinyamaza, mji mzima utakula, watoto, wazee, Maalim mwenyewe, na mimi nitawapakulia kwa mkono huu. Nikisema, nani atarudisha mpunga wake kwenye mashine iliyokoboa najisi? Na nani atakayemwachia Ndunguru banda lake? Zaidi kanipa ushauri wake bila kuulizwa: "Watu hawajui, bibi. Asiyejua hana dhambi." Kweli, wao hawana. Mimi je?

Jumapili, 29 Agosti

Nimesema.

Nilianza na Khamisi, kwa kuwa ni shemeji yangu na mchele uko mikononi mwa kamati yake. Nilidhani atapiga kelele. Nilijitayarisha kwa kelele. Badala yake aliingia ndani, akafunga mlango, akakaa, na sauti yake ikawa ndogo.

"Shemeji, tulifunike hili."

"Tulifunikeje?"

"Gunia lilikuwa limefuliwa. Wewe hukuona kitu. Mimi sikuona kitu."

"Umemlaani mtu huyu tangu mwezi wa nne, Khamisi."

"Sikujua ndiye! Nimemwombea dua mimi, kwa mdomo huu!" Akajifunika uso. "Watanicheka mpaka kiama."

Kwa hiyo hilo ndilo lililomuuma. Nilimwonea huruma na hasira kwa pamoja. Miaka yote nilimhesabu kuwa ndiye mwenye dini ndani ya ukoo wetu. Nikajitanda, nikaenda kwa Maalim peke yangu.

Maalim alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu: "Uliligusa kwa mkono wako, lilikuwa na unyevu?" Ningeweza kusema sikumbuki. Nikasema lilikuwa na unyevu.

"Basi mchele unaoshwa. Mara saba, moja kwa maji ya udongo. Na mashine vivyo hivyo. Nafaka haitupwi." Akaongeza: "Lakini mchele huu ni wa watu. Hatuwezi kuwaoshea kwa siri kitu chao. Utawaambia wewe au niwaambie mimi?"

Nikasema nitawaambia mimi. Baada ya alasiri watu walikusanyika kwa Maalim, wanawake upande wa uani na wanaume barazani. Nilisimama katikati ya mlango. Sauti ya darasa la pili ilinitoka bila kuitwa. Nikawaambia gunia lilitoka wapi na lilifikaje, na kwamba aliyelitoa alilitoa kwa wema. Nikawaambia pumba za mpunga wao zimekuwa zikienda kwa nguruwe tangu Juni, na kwamba nilijua tangu siku ya kwanza nikajifanya sijui, kwa kuwa kilima kilikuwa kinanitishia mashine. Jina la Khamisi sikulitaja. Nilisema "kamati". Yeye mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa, na kila mtu aliona.

Ikawa fujo. Mwanamke mmoja alitema mate. Vijana wawili walisema twende tukambomolee. Maalim akawaambia, kwa upole wake ule, kwamba nguvu hizo anazitaka kwa kubeba maji, na akawapa ndoo.

Jumatatu, 30 Agosti

Nilipofika uani kwa Maalim asubuhi nilidhani nitakuwa peke yangu. Mwajabu alikuwa amefika kabla yangu, kanga kaifunga kibwebwe, beseni mbele yake.

"Usinitazame," akasema. "Sijaja kwa ajili yako. Nimechangia pishi mbili mimi."

Wakaja wengine, kumi, ishirini. Udongo tulichimba mahali safi, tukauchekecha kwa ungo, tukaukoroga majini mpaka yakawa kama uji wa ulezi. Mchele mweupe wa Maulidi tukautia humo. Hapo mioyo ilituuma wote. Mtu mmoja akasema sasa tunapika matofali, kicheko kikatoka kilipokuwa kimejificha. Kisha maji safi, mara sita, tukihesabu kwa sauti kama watoto wa shule. Vijana wale wawili walibeba maji mpaka migongo ikawakataa.

Mchele uliooshwa mara saba haungojei. Ulipikwa pale pale, punje zilikuwa zimevunjika, na pilau ya Maulidi ya mwaka huu ilitoka kama bokoboko. Watu walikula. Walilalamika, wakala. Nilipoanza kupakua, Mwajabu akaninyang'anya upawa, akapakua yeye.

Alhamisi, 2 Septemba

Zaidi ameifungua mashine kipande kwa kipande, tumeiosha mara saba. Imekauka juani, imefungwa, imepakwa mafuta. Iko tayari. Hakuna mtu.

Ijumaa, 3 Septemba

Hakuna mtu.

Jumatatu, 6 Septemba

Nawaona wakivuka barabara ya Kilwa na vikapu vyao kichwani. Wengine wananiamkia wakipita. Hao ndio wanaouma zaidi.

Jumatano, 8 Septemba

Saa nne Mwajabu alivuka na ndoo ya mpunga, akaitua mbele ya Zaidi kwa kishindo ili mtaa usikie.

"Koboa. Na pumba zangu nitachukua mwenyewe, nina kuku."

Zaidi akanitazama. Nikamwambia awashe. Injini ilipokohoa ikashika, nililia, na Mwajabu akajifanya anadhani ni vumbi limeniingia machoni. Nimekaa jirani na mwanamke huyu miaka kumi na mmoja bila kumjua.

Jumatatu, 13 Septemba

Wamerudi, si wote, lakini wamerudi. Ila kila mmoja anakuja na gunia la pili kwa ajili ya pumba zake. Wenye kuku, wasio na kuku, wanazibeba zote. Nyuma ya mashine pamefagiliwa, hapana hata chembe. Bwana afya kapita, kasema safi sana.

Jumamosi mbili Ndunguru hakuja. Mashine yangu imepona, na aliyelipa ni yeye.

Jumamosi, 18 Septemba

Nimekwenda Mchukwi. Sikumwambia mtu. Nimepanda lifti ya lori la mkaa mpaka njia panda, kisha kwa miguu.

Nyumba yake ni ya udongo, imenyooka kama iliyopimwa. Banda liko nyuma, mbali, upande upepo unakokwenda. Niliwasikia kabla ya kuwaona. Wale watoto tisa walikuwa sita. Watatu amewauza wakiwa wadogo mno, anasema, kwa kukosa cha kuwapa. Mama yao mbavu zimeanza kuonekana. Anawalisha maganda ya muhogo na vichwa vya kamba, lakini havitoshi, pumba ndizo zilizokuwa zikishibisha. Hakunilaumu. Alisema habari za gunia amezisikia kwa mchuuzi, na kwamba alitaka kuja kuomba radhi akaogopa kuniongezea matatizo.

"Radhi naiomba mimi," nikamwambia. "Ulipokuja siku ya kwanza ningekuuliza, ningekwambia yote, mambo ya gunia, ya maji, ya kikavu. Ungejua. Nilinyamaza nikajiona nina adabu."

Aliingia ndani akatoka na kiti, akakiweka chini ya ukuta mbele ya nyumba, mbali na banda. Kisha akaleta maji kwenye bilauri. Nilipoinua nikaona karatasi ya dukani bado imebandikwa chini yake. Aliponiona nikitazama akasema haraka:

"Ni mpya, mama. Niliinunua mwezi wa saba, nikasema huenda siku moja ukapita."

Nilikunywa maji yote. Yalikuwa ya moto kidogo, ya mtungi uliokaa juani. Nilihisi aibu na furaha na sikuweza kuzitenganisha.

Nyuma ya nyumba yangu ninayo mikorosho kumi na saba aliyopanda Mohamedi. Korosho tunachuma, mabibo yanaozea chini, nzi wanasherehekea. Hayo si ya kamati wala ya wateja. Ni yangu peke yangu. Nikamuuliza kama nguruwe wanakula mabibo. Akasema wanayapenda kuliko kitu chochote, na kwamba akiyakausha yatamfikisha mpaka mvua.

"Yanaanza kuanguka mwezi ujao," nikamwambia. "Njoo uyaokote. Njoo mchana, Ndunguru, na upite mbele ya nyumba ya Khamisi."